Kaa wa Jiwe la Kunguru

Kwaru. Kwaru-kwaru. Kimya. Kisha tena kwaru, kama ukucha wa mtu mwenye haya anayebisha mlango bila kutaka kuiamsha nyumba nzima.

Damari alifumbua macho gizani. Alfajiri ilikuwa bado, na upande wa pili wa mkeka hapakuwa na mtu. Mumewe, Ambokile, alikuwa amelala Lyulilo na shehena ya vyungu vya soko. Sauti ilitoka karibu na mafiga, ndani ya chungu kidogo alichokifunika kwa jani la mgomba na kulikandamiza kwa jiwe.

"Mama," alisema Tuntufye, binti yake wa miaka mitatu, akijisogeza kwapani. "Nani anakuna?"

"Mgeni."

"Mgeni analala kwenye chungu?"

"Huyu ana miguu kumi. Mkeka haumtoshi."

Mtoto akafikiri. "Miguu kumi ni mingi."

"Ndiyo maana hapati usingizi. Wewe unayo miwili tu, lala."

Damari mwenyewe hakulala tena. Alimsikiliza mgeni wake huku moyo ukimcheka ndani kwa ndani, maana jana alikuwa amepata kitu ambacho Mzungu alikuwa amekitafuta miezi minne bila kukiona.

Mzungu huyo jina lake Hartwig, ila kutoka Mwaya hadi hapa Ikombe hakuna aliyemwita hivyo. Aliitwa Bwana Kaa. Wazungu wengine walikuja na bunduki, au na Biblia, au na kamba za kupimia ardhi. Huyu alikuja na chupa. Alikuwa amekaa Dar es Salaam miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, chenye "tafadhali" nyingi kuliko watu wa huku walivyozoea kusikia kinywani mwa Mjerumani. Alisimulia kwamba huko baharini yapo mawe yaliyo hai, yanaitwa matumbawe, na ndani yake wanaishi kaa wadogo kama punje ya mahindi. Kila aina ya tumbawe ina kaa wake, na kaa huyo hahamii kwa jirani hata njaa imuue. Alikuwa amewahesabu, akawapanga aina kwa aina, akaandika kila mmoja anapatikana wapi. Sasa alitaka kujua kama ziwa hili, lisilo na matumbawe, nalo lina kaa mdogo aliyejichagulia nyumba moja tu.

Watu wa Ikombe walicheka hadi wakashika mbavu.

"Mtu mzima, ndevu zote zile, anazunguka kuuliza nyumba za kaa," alisema Angetile, dada yake Ambokile, huku akizungusha chungu mapajani. "Mwambieni majini! Apate jibu, arudi kwa mama yake."

"Yeye anataka kujua majini wapi," Damari alijibu.

"We, mikono ya mpunga, finyanga. Chungu chako kimelegea kama shavu la bibi."

Ndivyo wifi yake alivyomtania siku zote. Damari hakuwa Mkisi wa ufukweni. Alitoka Makwale, kwenye mpunga na migomba, na udongo wa kufinyanga alikuwa bado hajaelewana nao. Lakini huko kwao alikuwa amesoma darasa la jioni miaka miwili. Baada ya kushinda mashambani, wasichana na akina mama walikusanyika kwa Mwalimu Eliud, na kibatari kilipoishiwa mafuta waliandika kwa mwanga wa moto. Kwa hiyo siku ile Bwana Kaa aliposimama ufukweni akauliza nani hapa anajua kuandika, wanaume wakatazama vidole vya miguu yao, na Damari, udongo ukiwa umemfika viwikoni, akasema, "Mimi."

Ambokile alikuwapo. Tangu siku hiyo, kila alikopeleka vyungu, habari ya kwanza ilikuwa mkono wa mke wake.

Bwana Kaa alimfundisha mambo mawili. La kwanza, kumtambua kaa: mgeuze chali, uhesabu meno ya ukingo wa gamba, utazame tumbo. La jike ni pana kama kifuniko. La dume ni jembamba kama ulimi, na chini yake pana vijiti viwili vidogo. "Vijiti hivyo ndivyo ufunguo," alisema. "Wataalamu wa kwetu huijua aina kwa vijiti vya dume. Ukiwapa jike peke yake, umewaacha mlangoni." La pili, kuandika kikaratasi: kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka kwenye spiriti, na kukitia ndani ya chupa pamoja na kaa. Siku aliyokamatwa, na mahali. Mahali hasa.

"Kaa asiye na mahali," alisema Bwana Kaa, "ni kitoweo tu."

Sasa, mahali.

Karibu kila jiwe kubwa la pwani ile lilikuwa na mwenyewe, mzee aliyetega migono yake ya samaki hapo tangu ujana wake, na jiwe likaitwa kwa jina lake. Lile lililo nyuma tu ya nyumba, ambapo maji ni ya magotini na hata mtoto anaweza kuoga, lilikuwa la baba mkwe wake Damari.

Jina la mzee huyo Damari hakuwahi kulitamka. Mke hatamki jina la baba wa mumewe, hamtazami usoni, hakanyagi anapokaa. Akimwona njiani huiacha njia, akachutama akiwa amejifunika kichwa. Akiwa na neno naye, humtuma mtoto. Wenyewe huita kutila. Si chuki, ni heshima iliyochanganyika na hofu, na msichana huifundishwa kabla hajafundishwa kusonga ugali. Wahubiri walisema Mkristo anaweza kuiacha. Wanawake wakaitikia amina, wakatoka kanisani, na njiani wakachutama.

Lakini jana mzee alikuwa amekwenda msibani Ngana, na mawe mazuri ya kulainishia vyungu, yale ya duara yasiyokwaruza, yalikuwa chini ya jiwe lake na si penginepo. Damari alitazama kulia, akatazama kushoto, akaingia majini. Hapo ndipo alipogeuza bamba moja la jiwe, akaona upande wa chini umeshika ukoko wa kijani, laini, kama ukoko wa wali uliochacha sufuriani, na kwenye ukoko kuna tundu, na kwenye tundu kuna kaa asiyefika ukucha wa kidole gumba. Mweupe. Tumboni amebeba mayai.

Asubuhi kulipokucha Bwana Kaa alifika kwa mtumbwi, wapiga kasia wanne wa kijijini wakiwa naye. Alipochungulia chunguni alipiga magoti palepale kwenye mchanga. Majirani wakajaa, hata Aliko, rafiki wa Ambokile, ambaye wiki ile hakwenda Lyulilo kwa sababu ya mwiba mguuni, alikuja akichechemea.

"Huyu ndiye mnayemlilia?" Aliko alisema. "Huyu hata kwenye mchuzi utamtafuta kwa tochi ya nyasi."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Kaa hakusikia. Alimgeuza kaa kwa ncha ya unyoya. "Jike," alisema polepole. "Lakini tazama meno yake. Tazama! Huyu sijamwona mahali popote duniani." Akampa Damari penseli na kipande cha karatasi nene. "Andika wewe. Umemtoa wapi? Nimeyaorodhesha mawe yote: la Nsajigwa, la Kunguru, la Mapacha. Lipi?"

Damari alisikia jina la mkwewe likidondoka mchangani mbele ya watu wote, akashtuka kama amemwagiwa maji. Wapiga kasia wanne walikuwa wakimtazama. Angetile alikuwa akimtazama. Kuliandika jina lile ilikuwa ni kulisema kwa mkono, na kulisema ilikuwa ni kukiri kwamba mwenye jina akiwa msibani yeye aliingia mahali pake. Na kusema, "Bwana, hili siwezi kuliandika," baada ya kujisifu kwamba anajua kuandika, hilo nalo lilimshinda.

"Haraka, tafadhali. Upepo unaamka."

Likatoka la kwanza lililotamkika. Aliandika vizuri, herufi zimesimama wima kama Mwalimu Eliud alivyopenda: *Ikombe, Jiwe la Kunguru.*

Jiwe la Kunguru halikuwa la mtu. Lilisimama peke yake mbele ya rasi, jeusi, kwenye maji marefu, na hata siku ya shwari mawimbi yalipasuka juu yake. Nani angekwenda huko? Kaa mmoja, mdogo kama ukucha, atakwenda Ulaya ndani ya chupa na hatarudi. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ambokile aliporudi Damari alimweleza habari za kaa, wakacheka pamoja, na mahali hakumwambia. Alikusudia kumwambia. Kisha mtoto akashikwa na homa, kisha tanuri la vyungu likaharibika, kisha jambo lenyewe likawa dogo, likasahaulika.

Chupa ilichukua mwaka mmoja na nusu kwenda na kuleta majibu.

Ulikuwa mwezi wa saba, upepo wa mwera ukivuma, mwaka ambao Wazungu walikuwa bado hawajaanza kupigana. Ambokile na Aliko walipakia mitungi thelathini kwenda Mwaya. Tuntufye, ambaye sasa alikuwa na miaka mitano, alimsindikiza baba yake hadi maji yakamfika kiunoni.

"Niletee kitu," alimwambia.

"Kitu gani?"

"Sijui. Utakachokiona."

"Mwanamke huyu atanifilisi," Ambokile alimwambia Damari, akacheka, akasukuma mtumbwi.

Siku ya tatu Aliko alirudi kwa miguu. Alikuja kwa njia ya ufukweni kutoka Matema, nguo zimemkauka mwilini zikiwa na chumvi ya jasho na mchanga, kasia moja mkononi. Alipomwona Damari uwanjani, akaketi chini. Hakumsogelea. Aliketi tu chini, kasia mapajani, na Damari akajua.

Ziwa lilimrudisha Ambokile kesho yake. Lilimleta Lyulilo, katikati ya mitumbwi ya sokoni, ambapo wanawake waliokuwa wakishusha vyungu walidhani ni gogo.

Walimzika chini ya mlima. Wakaimba nyimbo za kanisani, kisha wazee wakalia kilio cha zamani ambacho hakimo kitabuni. Damari alilala kwenye majani ya migomba pamoja na wafiwa, na mkono wake wa kuume, ule wa penseli, aliulalia ili asiuone. Maana Aliko alikuwa amekwisha kumsimulia, usiku wa kwanza, kwa sauti ya mtu aliyelewa ingawa hakuwa amekunywa kitu.

"Tulishusha mitungi vizuri, shemeji. Bwana Kaa akamwita Ambokile. Barua imekuja. Wataalamu wanasema kaa yule ni wa aina yake, hajawahi kuonekana, lakini ni jike. Hawawezi kumpa jina mpaka wapate dume. Akaleta kikaratasi kingine alichokinakili, akasoma: Jiwe la Kunguru. Mimi nikasema, ndugu yangu, Kunguru? Na mwera huu? Tungoje mwezi wa tisa. Bwana Kaa naye akasema ngojeni, hakuna haraka." Aliko alijifuta uso. "Ambokile akacheka. Akasema, tunapita palepale tukirudi. Nitazama mara moja tu. Nikamwambia pale hakuna kaa, nimekulia hapa, pale hata konokono hashiki. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Mke wangu ndiye aliyeandika. Mkono wake haukosei.'"

Aliko akamalizia jinsi wimbi lilivyoupindua mtumbwi Ambokile akiwa chini ya maji. Damari hakulia. Aliwaza: jiwe la babu yake Tuntufye. Angeweza kuandika hivyo. Jina lisingetajwa, mkwe asingevunjiwa heshima, na Ambokile angeinama kwenye maji ya magotini nyuma ya nyumba yake mwenyewe, huku mwanawe akimtazama. Jiwe la babu yake Tuntufye. Maneno matano. Mwaka mmoja na nusu alikuwa nayo mdomoni, na hayakumjia hata siku moja.

Kama jambo lingeishia hapo, pengine angelimeza, akazeeka nalo. Lakini msiba hautaki kukaa bila mwenyewe. Siku ya tisa maneno yakaanza kisimani. Kwa nini wawili walitoka na mmoja akarudi? Kwa nini kasia moja? Na baba mkwe wake, mzee ambaye hakuwa na mtoto mwingine wa kiume, alituma waitwe wazee wawili wa ukoo, Aliko mwenyewe, na Bwana Kaa, ambaye alikuwa amekuja Ikombe kutoa pole. Wakutane uwanjani kwake asubuhi.

Damari alisikiliza kutoka nyuma ya migomba, kichwa kimefunikwa, mahali pa mkamwana. Angetile alikaa karibu naye akimsuka Tuntufye. Kati ya majani Damari aliona mgongo wa Aliko, umeinama.

"Ndaga," mzee aliwashukuru waliokuja. Sauti yake ilikuwa imepungua kama mtungi uliopasuka. "Nina neno moja. Mwanangu alijua ziwa kuliko anavyojua mkeka wake. Alikwenda kufanya nini Jiwe la Kunguru?"

"Karatasi ilisema hivyo, tata," alisema Aliko.

"Karatasi."

"Ni kweli, mzee," alisema Bwana Kaa. Alikuwa ameshika kofia mikononi. "Kosa ni langu kwa kumsomea karatasi ile majira ya upepo. Nimeandika Ulaya. Dume likipatikana, kaa huyu atapewa jina la Ambokile, na katika kitabu itaandikwa: anaishi Jiwe la Kunguru. Jina la mwanao halitapotea."

Damari aliuma kitambaa. Kitabuni. Jina la mume wake na uongo wake yeye, vimewekwa pamoja kwenye mstari mmoja, vikasomwe na watu ambao hawajazaliwa.

Mzee alimgeukia. "Na karatasi," aliuliza, "nani aliiambia?"

"Mkamwana wako ndiye aliyempata kaa. Ndiye aliyeandika."

Wale wazee wawili wakatazamana. Mmoja, mwenye jicho bovu, akasafisha koo. "Jiwe la Kunguru hufiki kwa miguu," alisema. "Linataka mtumbwi. Wakati huo Ambokile alikuwa Lyulilo, na wenye mitumbwi karibu wote walikuwa naye. Nani alimpeleka mke wa mtu huko?"

Kisha yule wa pili akasema taratibu, kama mtu anayeokota sindano, "Aliko alikuwa hapa na mtumbwi wake. Alikuwa na mwiba."

"Mwiba wa mguu haumzuii mtu kupiga kasia," alisema wa jicho bovu.

Aliko alisimama. "Baba zangu! Mimi? Na mke wa Ambokile? Nimekula naye sahani moja tangu hatujaota meno!"

"Ndiyo maana alipanda mtumbwi mmoja na wewe," yule mzee alisema. "Akazama, ukarudi."

Nyuma ya migomba mikono ya Angetile iliachia nywele za mtoto. Alimgeukia Damari, na utani wote wa miaka sita ulikuwa umemtoka usoni.

"Gwe," alinong'ona. "Ulifikaje Jiwe la Kunguru?"

Damari alivuta kitambaa kichwani. Akinyamaza, Aliko atafukuzwa Ikombe kama muuaji na mzinzi. Mtumbwi wake utapasuliwa, na mama yake mzee atakufa akiomba moto kwa watu. Akisema kweli, yeye ndiye aliyekanyaga mahali pa mkwewe kwa siri, akaificha kwa penseli, na siri ile ikamuua mwana wa mwenye jiwe. Mjane wa namna hiyo hurudishwa kwao. Mtoto harudi naye. Ng'ombe wa mahari walikwisha kupelekwa Makwale, na mtoto ni wa kwa baba yake. Mwalimu Eliud mwenyewe, na elimu yake yote, asingeweza kubadili hilo. Angekwenda na nguo zake na Tuntufye angebaki ufukweni, akikua, akijifunza kufinyanga, na jina la mama yake likitajwa kwa sauti ya chini. Na alikuwa amekwisha kumfundisha herufi nne. Alikuwa amepanga kwamba mwaka huu watafika kumi.

Uwanjani mzee aliinua mkono. Kwa mara ya kwanza Damari alimtazama usoni, kupitia majani, bila kujua kwamba anamtazama. Alikuwa ni Ambokile aliyechakaa. Paji lilelile, masikio yaleyale yaliyosimama.

"Msimguse bado," mzee alisema. "Mimi siwezi kumwuliza mke wa mwanangu, na yeye hawezi kunijibu. Yuko wapi mjukuu wangu?"

Tuntufye alikwenda, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama nyasi. Babu yake akamwinamia. Mtoto alisikiliza kwa makini, mikono nyuma, akarudi mbio, akasimama mbele ya mama yake. Kupeleka na kurudisha maneno ilikuwa kazi yake tangu ajue kusema, na alijivunia kutodondosha hata moja.

"Mama. Babu anauliza, yule kaa ulimtoa wapi?"

"Njoo karibu."

Akamvuta. Alinusa nywele zake, mafuta na moshi. Alimshika mashavu kwa viganja vyote viwili, akamtazama muda mrefu kuliko jibu lilivyohitaji, hadi mtoto akaanza kujipinda.

"Mama, unaniumiza."

"Samahani." Akalegeza mikono. "Unamkumbuka yule mgeni wa kwenye chungu?"

"Simkumbuki. Wewe ndiye hunisimuliaga. Mwenye miguu kumi."

"Huyo."

Damari alitazama pembeni. Angetile alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amekwisha kuelewa, au alikuwa karibu kuelewa, na macho yake yalikuwa yakimsihi, lakini yalimsihi aseme au anyamaze, Damari hakuweza kujua. Ziwa lilisikika likipiga mchangani. Lilipiga taratibu, mwera ulikuwa umetulia tangu jana, kama kwamba halikufanya kitu.

Akaweka midomo kwenye sikio la mtoto. Alisema polepole, neno baada ya neno, kama alivyokuwa akimfundisha herufi. Mtoto alirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Aliuliza mara moja tu, "Na hiyo ya kuandika pia niseme?" na mama yake akaitikia kwa kichwa.

"Halafu nirudi?"

Damari alimfunga vizuri fundo la nguo begani, fundo ambalo halikuwa limelegea, akamgeuza kwa mabega, akamsukuma kidogo.

Tuntufye alitoka kwenye migomba. Alivuka uwanja uliofagiliwa, akipita kati ya wazee wawili, kando ya kofia ya Bwana Kaa, mbele ya Aliko aliyekuwa bado amesimama. Hakukimbia safari hii. Alikuwa amebeba maneno mengi. Alifika kwa babu yake, akapiga magoti kama alivyofunzwa, akaweka mikono juu ya magoti ya mzee, na kwa sauti yake kubwa ya kazi, iliyosikika hadi majini, akasema:

"Babu, mama anasema yule kaa alimtoa kwenye jiwe lako, ila aliogopa akaandika lingine."